Pakiti Ndani ya Sofa ya Mkwe

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tulimalize hilo mapema, maana hata mwenyewe hakatai, muulize leo atakujibu, "Mimi, nani mwingine?" halafu atakukazia macho kana kwamba unataka kumnyang'anya cheo. Ndani ya nyumba ile walikuwamo watu wazima watatu na mtoto mmoja aliyelala fofofo, na katika hao wanne mwenye akili haba kuliko wote alikuwa yule mwenye mvi, miwani na mfuko wa vifaa.

Walimwita Dohani. Jina alilipata kazini, enzi ambazo ukitaka kujua kama yupo hukuhitaji kubisha hodi. Ulitazama tu kama dirisha la karakana linatoa moshi. Alikuwa fundi sofa, tena fundi kwelikweli, si hawa wa kupiga pini mbili na kusimama kando wakisubiri makofi. Mshono wake huuoni kwa macho. Unautafuta kwa ukucha, na kama umekata kucha, rudi kesho. Kiti cha watu watatu alikiinua peke yake akakitoa mlangoni bila kugusa fremu ya mlango. Na jitu hilo, lenye kifua cha kubebea kabati, lilikuwa mtumwa wa kikaratasi chembamba kilichojazwa majani makavu. Kikaratasi kikisema amka, linaamka. Kikisema toka nje mvua inanyesha, linatoka, linajikunyata chini ya bati kama kuku mgonjwa, linanyonya. Ukimuuliza alikuwa anakwambia, "Nastarehe." Starehe gani hiyo ya kukohoa mpaka unashika ukuta?

Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na nyumba yake, kama nyumba za mafundi sofa zilivyo, ilikuwa na viti vingi na mtu mmoja wa kuvikalia. Kilichomtia uhai ni mjukuu wake, binti wa binti yake, kitoto cha miaka minne chenye maswali kama hakimu na kifua chenye pumu. Mama yake alikuwa akimleta kushinda kwa babu kila anapokwenda kazini kwenye duka la viatu. Dohani alijua habari ya pumu. Ndiyo maana alivuta dirishani: kichwa nje, makalio ndani, akiamini kwamba moshi una adabu, ukielekezwa njia utaifuata. Siku moja kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi. Wakakimbizana hospitali, yeye, binti yake na mama mkwe wa binti yake, na mpaka mtoto anatulia, hakuna aliyekuwa na machozi ya akiba.

Binti hakupiga kelele. Kelele Dohani angezijibu. Alisema tu, "Baba, mtoto harudi kwako mpaka sigara itoke. Na sisemi itoke dirishani."

Akaacha. Na hapa tumtendee haki, kwa sababu baadaye hatutamtendea: aliacha kweli. Alitoka jasho usiku, akaota anavuta, akaamka amekasirika kwamba ilikuwa ndoto. Aligombana na mito. Mkono wa kulia ulimshinda pa kuuweka. Ukipanda mdomoni, haukuti kitu, unashuka, unapanda tena, utadhani anafukuza nzi. Mafundi wa zamani wana tabia ya kuweka misumari midogo mdomoni wakati wa kupigilia kitambaa, wakiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Dohani akaanza kukaa na misumari mdomoni asubuhi hadi jioni, awe na sofa mbele yake au asiwe nayo. Wateja walizungumza na mtu anayelia kama mfuko wa funguo.

Lakini mtu wa aina yake hawezi kufanya jambo jema bila kuliharibu kwa mdomo. Wiki ya kwanza haijaisha, akaenda kwenye kibanda cha sigara akamwambia mama muuzaji, watu wakisikia, "Mimi nimeacha. Siku ukiniuzia, hata nikupigie magoti, wewe ndiye mchawi wangu." Akapita na kibanda cha pili, na cha tatu. Mtaa mzima ukapewa ulinzi wa mapafu yake.

Aliyepata tabu zaidi ni seremala, mwenzake wa karakana moja, yule aliyemtengenezea fremu. Seremala naye alikuwa mvutaji, na yeye aliacha kila Jumatatu.

"Leo Jumatatu," Dohani alimwambia, misumari ikigongana. "Umeacha?"

"Nimeacha."

"Hongera. Tutazika lini uamuzi huo, kesho au keshokutwa?"

"Mwenzangu, inanitesa."

"Haikutesi. Wewe ndiye huna mifupa. Mtu anashindwa na kitu kinachozimwa kwa kukanyagwa!"

Seremala alicheka, maana alikuwa mpole, lakini kicheko chake kiliishia kooni. Maneno ya namna hiyo hayapotei. Yanakwenda kukaa mahali yakimsubiri mwenyewe.

Sasa tuje kwenye ujinga wenyewe. Siku alipoacha, Dohani alikuwa na pakiti moja nzima, haijafunguliwa. Mtu mwingine angeitupa jalalani, angeitia maji, angempa hata huyo seremala aendeleze udhaifu wake. Dohani akaikalia na kuifikiria kama mtu anayegawa urithi. Mbele yake palikuwa na sofa kuukuu ya mkwe wake, yaani huyo mama mkwe wa binti yake, mjane aliyestaafu ukarani wa mahakama, ambaye binti na mjukuu walikaa kwake. Alikuwa ameichukua aivishe upya, sponji mpya, kitambaa kipya, kama njia ya kuomba radhi kwa yale ya hospitali. Mkono mmoja wa sofa ulikuwa bado wazi.

"Adui ukimfukuza, atarudi na wenzake," alimwambia seremala. "Adui mfunge. Ukimfunga, unajua alipo."

"Unaishonea ndani ya sofa ya mkwe wako?"

"Fikiri, ewe mbao! Kwanza, kazi yangu mwenyewe siwezi kuichana. Mkono wangu utakataa. Pili, nyumba ya mkwe! Hata shetani hana ubavu wa kwenda kupasua sofa ya mkwe wake."

"Na mtoto je? Si anakaa hapohapo?"

"Nimeifunga nailoni mara mbili, iko chini ya sponji. Hainuki, haiwaki. Itamfanya nini?"

Seremala akarudi kwenye randa yake. Alijua kitu kimoja ambacho Dohani hakukijua, kwamba mtu aliyeachana na jambo hana shida ya kujua linalala wapi. Hakukisema, kwa sababu ilikuwa Jumanne na yeye mwenyewe alikuwa na kipisi sikioni.

Sofa ikapelekwa. Mkwe akaipapasa akasema, "Mkwe, mkono wako una baraka." Dohani akainama kwa haya, huku akiutazama mkono wa sofa wa kulia kama mtu anayeagana na mfungwa.

Zikapita wiki, na alishinda. Mteja mmoja alimrudishia viti akidai rangi si ile, akashinda. Alijikata kidole kwa kisu cha sponji, akashinda. Alilala na homa akaamka nayo, akashinda. Kila shari iliyompata aliitafuna pamoja na misumari yake. Akaanza kutembea kifua mbele, na seremala akaanza kula chakula chake nje ya karakana.

Halafu Ijumaa moja asubuhi binti akapiga simu. "Baba, nimesikia kila mahali kwamba umeshika neno lako. Jumatatu nitamleta mtoto ashinde kwako."

Dohani akakata simu, akakaa juu ya gunia la mabaki ya sponji, akacheka peke yake. Akafuta macho. Na mkono wa kulia, uliokuwa umetulia muda wote huo, ukapanda mdomoni.

Hakuna aliyekuwa amemwonya kuhusu furaha. Alikuwa amejenga ukuta upande wa majonzi, hasira, uchovu, na furaha ikapita mlango wa mbele kama mwenye nyumba. Tangu ujana wake alikuwa hajawahi kufurahi bila kuwasha. Mtoto wake alipozaliwa aliwasha. Sofa yake ya kwanza ilipouzwa aliwasha. Sasa habari njema kuliko zote imekuja, na yeye hana cha kuisherehekea nacho ila misumari. Kikaratasi kikaanza kunong'ona: moja tu. Ya shukrani. Si ya uraibu, ni ya shukrani!

Akatema misumari akatoka nje. Kwenye kibanda cha kwanza, kabla hajafungua mdomo, mama muuzaji akadakia, "Mzee Dohani! Usiniambie. Mimi siwi mchawi wako." Na watu wakacheka, wakampigia makofi, wakamwita mfano wa kuigwa. Mfano wa kuigwa akanunua kiberiti, akadai ni cha jiko. Kibanda cha pili hakuthubutu kukipitia. Akarudi karakanani, akamkuta seremala anavuta kwa utulivu wa mtu asiye na deni na yeyote. Angemwomba pafu moja. Pafu moja tu, na seremala angempa kwa mikono miwili, tena kwa tabasamu, na tabasamu hilo lingemfuata mpaka kaburini. Bora afe.

Kwa hiyo majivuno yakawa yamemfungia kila mlango wa mji ule, isipokuwa mmoja. Akachukua mfuko wa vifaa.

"Hodi hapa!"

"Karibu! Ah, mkwe! Kulikoni, mbona ghafla hivi?"

"Kwema tu, mkwe wangu. Nimekuja kukagua sofa. Bure."

"Bure?" Mkwe alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai.

"Siku hizi tunawafuata wateja majumbani. Springi huwa zinalegea."

"Za sofa uliyoileta juzijuzi?"

"Hizo ndizo hatari zaidi, mkwe. Bado hazijazoea makalio ya watu."

Mkwe alimtazama. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyetumia nusu ya maisha yake kuandika maneno ya watu wanaoapa. Hakubisha. "Basi kaa kwanza. Mtoto amelala hapo, ndiyo kwanza usingizi umemchukua. Jana kifua kilimsumbua. Nikuwekee chai." Akaingia jikoni. Baadaye Dohani alikuja kusimuliwa kwamba kabla ya kuwasha jiko, mkwe alimpigia simu binti dukani, akamwambia, "Baba yako kaja kukagua sofa bure," na binti akajibu, "Bure? Nakuja."

Sebuleni Dohani alikaa kwenye kiti cha mbao, magoti pamoja, mfuko mapajani. Mbele yake mtoto alikuwa amejilaza kwenye sofa, kichwa juu ya mkono wa kulia. Mkono wenyewe. Shavu limebonyea kwenye kitambaa, mdomo wazi, na udenda mwembamba umelowesha mahali palepale ambapo, chini ya sponji, mfungwa alikuwa akisubiri. Dohani akangoja. Akatazama saa ya ukutani, akatazama pazia, akasoma maandishi ya kalenda mpaka jina la mchapishaji. Kitoto hakina habari. Kilikuwa kinalala kama kimelipwa.

Kidogo tu, akajisemea. Simwamshi.

Akasimama. Akaingiza kiganja chini ya kichwa cha mjukuu wake, akakinyanyua kwa ustadi wa fundi anayebeba kioo, mkono wa pili ukazoa miguu, akamgeuza mzimamzima, kichwa kikaenda upande wa pili wa sofa, ambako hakukuwa na mto. Mtoto akaguna, "Babu," bila kufungua macho, akaendelea kulala. Palikuwa na nafasi hapo ya kuona haya. Ilipita bila kumsalimia.

Akapiga goti, akatafuta mshono wake ili aufumue. Hakuuona. Akapapasa kwa ukucha, wapi! Kazi yake nzuri ilimcheka. Yule aliyeapa kwamba mkono wake utakataa kuichana akatoa kisu cha sponji akatia tundu kwa nyuma, kidole kimoja, viwili, ngumi, kiwiko. Pakiti ilikuwa imeteleza chini, kati ya gunia na mbao. Akabana shavu kwenye sofa, ulimi nje, jasho likimtiririka ndani ya miwani, akafika. Akaifumbata. Akavuta.

Mkono haukutoka. Kiganja kitupu kilipita katikati ya springi mbili. Ngumi yenye pakiti haikupita. Angeiacha pakiti, mkono ungetoka. Hakuiacha.

"Springi?" Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

"Springi, mkwe. Ilikuwa imelegea sana."

"Naona inakushika vizuri tu."

Mlango wa nje ukafunguliwa, binti akaingia anahema, kitambulisho cha dukani bado kinaning'inia shingoni. Akamwona baba yake amepiga goti, bega limemezwa na sofa, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Baba."

"Naam, mama."

"Toa mkono."

"Utatoka tu, mwanangu. Umebanwa kidogo."

"Umebanwa, au umeshika?"

Dohani akalegeza ngumi, akaishika pakiti kwa ncha za vidole, akaichomoa kwa upande. Ikatoka imekunjamana, nailoni inang'aa, ikiwa na nyuzi za gunia kama ndevu. Wote watatu wakaitazama. Hiki ndicho kilichomtoa mtu mzima karakanani.

"Nilikuja kuiondoa!" akaropoka. "Nilikumbuka usiku kwamba ipo humu, nikasema hapana, si salama kwa mtoto. Nikaja mbio."

"Na kiberiti kilichopo mfuko wa shati," mkwe akauliza kwa upole wote, akiweka sinia mezani, "ni cha kukagulia springi?"

Dohani akashika mfuko. Uongo ulikuwa umeisha, na uongo ukiisha mtu wa namna hii hukimbilia hasira.

"Haya! Nilitaka moja. Moja! Ninyi mnadhani ni kama kuacha sukari kwenye chai? Naamka nayo, nalala nayo. Mikono inanitetemeka nikishona. Natafuna misumari mpaka fizi zinatoka damu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza nalalaje!"

"Ungenipigia simu," binti akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Usiku wowote. Ningepokea."

"Nikuambie nini? Kwamba baba yako anapelekeshwa na kikaratasi?"

"Ndiyo. Hivyohivyo ulivyosema sasa hivi."

"Siwezi kumwambia mwanangu hivyo."

"Lakini umeweza kupasua sofa ya mkwe wako."

Mkwe akamimina chai, akajifanya hajasikia. Dohani akaifuta miwani kwa ncha ya shati, na alipoivaa tena alikuwa amepata upenyo, au alidhani ameupata. Alisimama wima. Kifua kikarudi mahali pake.

"Tusipoteze muda," alisema. "Swali ni moja. Nimevuta au sijavuta? Sijavuta! Haijafunguliwa hii, tazama. Tangu siku niliyoahidi, moshi haujapita kinywani mwangu. Njoo uninuse. Mkwe, na wewe njoo uninuse!"

"Mimi naona hapa panatosha, mkwe."

"Basi neno langu nimelishika, na wewe shika la kwako. Jumatatu unaniletea mtoto."

Binti alikwenda kwenye sofa, akainama, akaona kichwa cha mwanawe kimening'inia pembeni bila mto na shingo imepinda. Akakaa, akakipakata. Kwenye mkono wa kulia, kitambaa kilikuwa bado kimelowa udenda, na nyuma yake tundu limeachama.

"Nilimlaza kichwa upande huo wenye tundu," mkwe alisema taratibu.

"Hilo ni jambo dogo," Dohani akasema haraka. "Watoto hugeukageuka. Mama, nisikilize. Kati ya sigara na mjukuu wangu, mimi nilishachagua zamani. Hapo hapana mjadala. Niulize mchana, niulize usiku wa manane, jibu langu ni moja!"

Binti akainua macho.

"Leo uliwakuta kwenye sofa moja, baba, sigara na mjukuu wako," akasema. "Aliyesogezwa ni nani?"